Siku Niliyodai Pilau Jukwaani

Niseme mapema, kabla hujaniona mtu wa maana. Nilipanda jukwaani mchana kweupe, watu wamejaa kwenye ngazi zote, nikajilaza kwenye mkeka wa maiti, ubavuni mwa marehemu, nikatangaza kwamba hainuki mtu hapa mpaka niahidiwe pilau. Marehemu lilikuwa furushi la khanga lililofungwa kamba ya katani. Mfiwa alikuwa mama yangu mzazi.

Sikuwa nimelewa. Hakuna mtu aliyenitia ujinga. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na akili zangu zote mbili.

Shuleni mie ndiye natolewaga nje. Mwalimu wa Kemia aliwahi kuniambia kwamba siku nitakayokaa kimya kipindi kizima atanichinjia kuku. Huyo kuku yuko hai mpaka leo, nadhani ana wajukuu. Kwa hiyo ukimwuliza mtu yeyote anayenijua, atakwambia ile ya jukwaani ilikuwa kawaida yangu tu, vituko vya kila siku. Na mie nilitamani iwe hivyo. Lakini ile haikuwa kawaida, na ili uelewe kwa nini, inabidi nikwambie kuhusu Mama na macho yake makavu.

Tulikuwa wawili, mie na mdogo wangu wa kike. Alifariki mwaka juzi, akiwa darasa la tatu. Homa ilianza Jumatatu. Alhamisi tukawa tunatafuta viti vya kukodi.

Baba alilia. Alilia kwa sauti, akashikwa na wanaume wawili, kamasi mpaka kwenye tai, na baada ya wiki mbili akarudi Kahama kwenye kazi yake akiwa mwepesi kidogo. Mama hakulia. Mama ni karani wa masijala, maisha yake ni mafaili, na ule msiba aliuendesha kama faili. Aliulizia turubai limefika wapi. Aliuliza sahani zinatosha. Alimwelekeza mchungaji choo kilipo. Wanawake walikaa naye kwenye godoro wakamsubiri, wakaimba zile nyimbo zinazomwangusha hata askari, na yeye akawa anawarekebisha ubeti wa tatu. Siku ya pili wakaanza kunong'ona. Mama asiyemlilia mtoto wake anawatisha watu kuliko maiti yenyewe.

Sasa hapo ndipo alipoingia mtani wetu.

Nyumba ya pili kutoka kwetu, hapa Mtoni, anakaa mama mmoja Mzaramo anayeuza vitumbua asubuhi. Sie Wasukuma. Kwa hiyo huyo ni mtani wetu halali, na tangu tuhamie hajawahi kumsalimia Mama bila kumtukana.

"We Msukuma, umeamka? Nilidhani umeshapeleka ng'ombe."

"Na wewe Mzaramo, ngoma ya jana imeisha saa ngapi, mbona vitumbua leo vimelala?"

Hayo ndiyo mapenzi yao. Na kitumbua cha kwanza kutoka jikoni, kila siku ya Mungu, kilikuwa cha mdogo wangu.

Kwenye msiba wa mtoto watani wengi hujizuia. Huyu hakujizuia. Alimtazama Mama alivyokaa pale kwenye godoro, macho makavu, anauliza kama sukari inatosha, akatoka. Aliporudi alikuwa amevaa gambuti za Baba, fimbo begani, akaanza kupita katikati ya waombolezaji akiwahesabu kama anahesabu mifugo.

"Huyu dume. Huyu mtamba. Huyu kazeeka, auzwe."

Akafika kwa Mama. Akamshika kidevu, akamfungua mdomo, akamkagua meno. "Na huyu mbona hali majani?"

Mama akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, mpaka mtandio ukamtoka kichwani, na nyumba nzima ikapumua. Afadhali kacheka, walisema. Jeneza lilipotaka kutoka, mtani yuleyule akajitupa chini mlangoni kwa urefu wake wote. "Hatoki mtu hapa mpaka niahidiwe pilau!" Wanaume wamesimama na kile kijeneza, hawana pa kupita. Baba akaahidi pilau huku analia. Mtani akainuka, akajipangusa vumbi, jeneza likapita. Mama alicheka tena, kidogo.

Na mie, nimesimama kwenye kona na suruali iliyonibana, nikajifunza somo langu, na nikajifunza vibaya. Nilijiambia: kumbe Mama akielemewa dawa yake ni kuchekeshwa.

Kwa mwaka mzima na ushee nikawa mganga wake. Nilimwigiza mchungaji anavyotafuta miwani aliyoivaa. Nilimwigiza bosi wake anavyoongea na simu. Nilimwigiza Baba anavyokoroma kwa Kisukuma. Alicheka kila siku, na hakulia hata siku moja. Ninajua kwa sababu ukuta wa chumba changu na chake ni mwembamba hivi kwamba akigeuka kitandani mie ndiye naamka. Ningesikia.

Siku ngumu ilikuwa Jumamosi. Zamani Jumamosi asubuhi ilikuwaga ya kusuka. Mama anakaa kwenye ngazi ya kibaraza, mdogo wangu chini katikati ya magoti yake, na kile kichwa kinaanza kugawanywa mistari. Mama alikuwa anaanzia kushoto. Anakigeuza kichwa kwa kidole kimoja tu, na mdogo wangu anapiga kelele utadhani anachinjwa. Mie niko chooni nazirudia zile kelele kwa sauti yake yeye mwenyewe, anasikia, anakasirika, anaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na Mama anashindwa kushika nywele. Ilichukua saa tatu kusuka mistari ambayo kwa watu wengine ni saa moja.

Baada ya msiba Jumamosi zikakosa kazi. Mama alifua vilivyofuliwa. Alipanga mafaili ambayo si ya ofisini, ya bili za maji za toka tuhamie. Halafu ghafla akaanza kwenda Mabibo sokoni. Mtu anatoka Mtoni, anazunguka mji mzima, anarudi jioni na nyanya sita. Mtani akaanza kumchunguza.

"Ana bwana huko, huyu Msukuma. Na bwana mwenyewe muuza nyanya. Angalia alivyo bahili, anampa sita tu."

Nilipomwuliza mwenyewe alisema amejiunga na kikundi cha maigizo cha akina mama. Wanafundishwa na binti mmoja wa chuo, anakaa kwenye hosteli za wanafunzi za hapohapo Mabibo, na wanafanyia mazoezi kwenye darasa la jirani.

"Maigizo ya nini?"

"Ya elimu kwa jamii."

Basi nikajua. Kunawa mikono. Nimeshaona maigizo ya elimu kwa jamii kama ishirini shuleni, na yote mwisho wake ni ndoo na sabuni. Nilimpa mazoezi ya kunawa mikono kwa hisia kali, nikazimia mbele ya beseni. Akacheka. Nikaona mambo yako sawa.

Wiki ya onyesho akatuambia, mie na mtani wetu, kwamba Jumapili saa kumi wanacheza kwenye ile bustani ya jiji upande wa Kinondoni, kwenye jukwaa la wazi, bure. "Mje. Ila wewe," akaninyooshea mwiko, "uje na adabu."

"Adabu atazikodi wapi Jumapili, maduka yamefungwa," mtani akasema.

Nilimchukua na rafiki yangu, jamaa ninayekaa naye dawati moja. Yeye alikuja kwa sababu alisikia bustanini kuna warembo. Na kweli walikuwepo, ila wote walikuwa maharusi. Hiyo bustani Jumapili ni ya watu wa harusi. Wanakuja kupiga picha kwenye maua, gauni linaburuta majani, wasimamizi wamevaa rangi moja kama timu ya netiboli, na matarumbeta yanawafuata nyuma. Siku hiyo zilikuwepo harusi tatu. Katikati ya hao kuna watoto wa baiskeli za kukodi, muuza lambalamba na kengele yake, na mlinzi anayekataza watu kukanyaga nyasi ambazo zilishakufa.

Jukwaa lenyewe ni duara la zege, na mbele yake ngazi za zege zimejipinda nusu mduara, hapo ndipo watu wanakaa. Zege lilikuwa limekula jua toka asubuhi. Tulikaa kwa matako ya kupokezana. Mtani alikaa ngazi mbili chini yetu na kapu lake, ameshamkalia mtu mtandio, ameshagombana. Watu walijaa kuliko nilivyotegemea, wengi walikuwa wageni wa harusi waliokuwa wanasubiri picha ziishe. Kulikuwa na spika mbili na maiki moja iliyoning'inizwa katikati kwa waya.

Nikatafuta ndoo. Hakuna ndoo. Nikatafuta sabuni. Kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka furushi la khanga, limelazwa kwa urefu, limefungwa kamba sehemu tatu. Refu kama mtoto wa darasa la tatu.

"Oya," rafiki yangu akaninong'oneza, "hilo ni nini?"

"Muhogo," nikasema. Akacheka. Mie sikucheka, na hiyo ilinishangaza.

Mwanzoni ilikuwa burudani. Majirani wawili wanagombana nje ya nyumba ya msiba nani alichelewesha kumpeleka mtoto hospitali, mmoja anamlaumu mganga, mwingine anamlaumu bodaboda, na mganga mwenyewe, mama mnene aliyebandikwa ndevu za pamba, anaingia kudai kuku wake. Ndevu zikamdondoka kwenye maiki. Watu walivunjika mbavu. Nikaanza kulegea. Nikasema sawa, ni komedi, Mama ataingia na kichekesho.

Majirani wakatoka. Mama akaingia peke yake.

Alikuwa amejifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani, na unga wa jivu kidogo usoni. Sikumjua kwa mwendo. Mama yangu anatembeaga haraka, kama kuna faili linasubiriwa. Huyu alitembea kama sakafu inaweza kupasuka. Akasema sentensi ya kwanza, sikumbuki ilikuwa nini, ila sauti ilifika mpaka juu tulipokaa. Akasema ya pili. Akakaa chini kwenye mkeka.

Baadaye nilikuja kuambiwa na yule binti wa chuo ilivyotakiwa kuwa. Alitakiwa aseme sentensi ya tatu, aanguke, alie, na akina mama waingie wanaimba kumchukua mtoto. Ndivyo walivyofanya mazoezi kila Jumamosi. Na kila Jumamosi, binti aliniambia, Mama alisema sentensi zote tatu vizuri, akaanguka vizuri, na alipofika kwenye kulia alifunika uso kwa khanga akatikisa mabega. Binti alikuwa anamwambia inatosha, watu watakuwa mbali, hawataona. Kumbe mwanzo alipewa nafasi ya jirani anayeleta uji. Mwenyewe ndiye aliyeomba ya mfiwa. Aliomba mara mbili.

Sentensi ya tatu hakuisema.

Alilivuta lile furushi. Alilinyanyua upande wa kichwa, akalikalisha chini katikati ya magoti yake, likamwegemea. Akatulia. Halafu mkono wake wa kulia ukainuka, kidole kimoja kikaligeuza furushi taratibu, na vidole vyake vikaanza kwenda hewani, juu ya zile khanga. Vinagawa. Vinakamata, vinapishana, vinashuka. Kuanzia kushoto.

Kimya. Hata matarumbeta yalikuwa yamepumzika.

"Kasahau mistari," rafiki yangu akasema.

"Atakumbuka."

"Hakumbuki huyo, mwanangu. Tazama."

Nyuma yetu mtu akapiga mluzi. Mwingine, msimamizi wa harusi mwenye suti ya zambarau, akapaza sauti: "Mpeni mama karatasi asome!" Watu kadhaa wakacheka. Mtani wetu akageuka, akawakemea, "Nyamazeni nyie!" Halafu akarudisha uso mbele, na khanga yake akaiweka mdomoni akaiuma. Hilo nililiona. Yeye mwenye haki yote ya kuinuka hakuinuka.

Mie niliinuka.

Kila mtu aliyeniuliza nimemwambia kwamba nilidhani Mama kasahau, anaaibika, nikaenda kumwokoa. Nimewaambia shuleni, nimemwambia Baba kwenye simu, nimemwambia mchungaji. Ni uongo. Niliviona vidole. Nilijua ni kichwa cha nani kile, na nilijua kinachokuja baada ya pale. Nilikuwa nimekisubiri toka mwaka juzi nyuma ya ule ukuta mwembamba, nikitega sikio kila usiku, na kilipofika, mbele ya watu wote wale na lambalamba na maharusi, sikuweza. Mie ndiye niliyeshindwa. Niliogopa kumwona Mama yangu akilia kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Basi nikashuka zile ngazi mbiombio, nikamkanyaga mtu mkono, nikaruka jukwaani, nikajitupa kwenye mkeka kwa urefu wangu wote. Nikapaza sauti ya mtani, ile ile, na lafudhi yake ya Kizaramo: "Hatoki mtu hapa! Hainuki mtu! Mpaka niahidiwe pilau!"

Sijawahi kuchekwa vile. Nimechekesha darasa, nimechekesha mstari wa asubuhi, lakini ule ulikuwa umati, ulilipuka mara moja, zege lote likatetemeka. Matarumbeta yakadhani ni zamu yao, yakaitikia.

Nikiwa pale chini niliutazama uso wa Mama kutokea chini. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini na mgeni. Kisha nikauona ule mdomo unajifunga, unajipanga upya, taratibu, kama anavyopanga karatasi akizigonga pembeni zilingane, na ukatabasamu. Vidole vikaliachia furushi. Likaanguka upande.

"Haya, mtani wangu," akasema kwenye maiki, sauti safi kabisa ya jukwaani. "Pilau utapata. Inuka."

Aliniita mtani wake. Watu wakapiga makofi wamesimama.

Akina mama wakaingia wanaimba, ila ule wimbo wa kuomboleza ulishaharibika, wakauimba kwa kucheka, wakaumalizia kwa kucheza. Watu wakaanza kupanda kutuza, kama kwenye taarabu. Yule msimamizi wa suti ya zambarau alimbandika Mama noti kwenye paji la uso, ikashika kwenye jasho na jivu. Mama alicheza. Alizungusha kiuno, mama yangu karani, na noti usoni, na macho yake makavu kama kiatu. Rafiki yangu alirekodi vyote.

Ilipoisha yule binti wa chuo alinijia mbio, rasta zinaruka. "Nyie! Mlipanga lini hii? Mama, mbona hukuniambia una kijana wa hivi? Hii tunaiweka! Tunaiweka rasmi!" Alikuwa na furaha ya kweli, wala simlaumu. Mama akasema, "Huyu ndivyo alivyo," akaenda kunawa jivu kwenye bomba la mlinzi.

Nilimfuata mtani alipokuwa anakunja mtandio wake. Nilitegemea sifa. Nilikuwa nimemwigiza vizuri kuliko anavyojiigiza mwenyewe.

"Shikamoo, mtani. Umeonaje? Lafudhi ilikaa?"

Hakuitikia. Akamaliza kukunja kwanza.

"Mie mtani wenu," akasema, "nina ruhusa. Mie nikilala mlangoni nimelala kwenye mlango wa watu. Wewe ulikuwa unalala wapi pale?"

"Jukwaani."

"Usinijibu kijinga. Yule aliyelala pale nani wako?"

Nikanyamaza. Mwalimu wa Kemia angekuwepo, kuku angechinjwa.

"Mfiwa hatanii msiba wake," akasema. "Umesikia wapi? Mfiwa analia, mtani anatania. Kila mtu na kazi yake. Mie siku ile nilimchekesha mama yako ili afunguke, nikajua akishacheka atalia. Na siku ile mie mwenyewe nilikosea, akacheka akafunga. Nimekaa na hilo toka mwaka juzi. Leo namwona anafungua mwenyewe, kwa mkono wake, nikasema Alhamdulillah. Nikakuona wewe unashuka ngazi." Akabeba kapu lake. "Ningekuwa karibu ningekukamata mguu."

Akaenda zake. Alituacha mie na rafiki yangu, naye rafiki yangu, ambaye hajawahi kukosa neno, aliniuliza kama nataka lambalamba.

Kurudi Mtoni kwenye daladala nilikaa kiti cha nyuma ya Mama, naye akatazama dirishani njia nzima. Tulipofika alibadili nguo akaingia jikoni. Jua lilikuwa bado halijazama. Nikakaa uani juu ya ndoo iliyofunikwa, simu ikalia, rafiki yangu alikuwa ameshanitumia video. Alikuwa ameshaituma na kwenye kundi la darasa. Tayari nilikuwa na jina jipya: Marehemu Pilau. Walikuwa wanacheka kwa vikaragosi mstari mzima.

Niliifungua. Alikuwa ameanza kurekodi mapema kuliko nilivyojua, kipindi watu walipoanza kupiga miluzi. Unamwona Mama mdogo kabisa, kule chini, na furushi katikati ya magoti. Vidole vinakwenda. Halafu kabla mgongo wangu haujaingia kwenye picha kuna muda mfupi, kama wa kuvuta pumzi mara mbili. Mabega yake yanapanda. Kichwa kinarudi nyuma. Mdomo unaanza kufunguka, taratibu, upande mmoja ukitangulia, na ukiiweka simu sikioni, chini ya miluzi, unasikia kitu kinaanza. Si neno. Ni sauti ya chini sana, ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake. Halafu shati langu jeupe linajaza kioo chote na watu wanaanza kucheka.

Niliirudisha. Nikaisimamisha kabla sijaingia. Nikairudisha tena. Nilikuwa naifanya kama mara ya sita au ya saba, simu sikioni, nilipojua kwamba Mama amesimama nyuma yangu na bakuli la mchele.

"Nini hicho?"

"Hamna."

"Nionyeshe."

Nikampa. Hakukaa. Aliweka bakuli kwenye ukuta wa karo la kufulia, akaishika simu mbali na macho, kama anavyoshika barua za ofisini, akaitazama mpaka mwisho, na pilau, na makofi, na noti.

"Rudisha mwanzo," akasema.

Nikarudisha. Safari hii aliiweka karibu. Ilipofika pale, ule muda mfupi, aliniangalia niisimamishe, nikaisimamisha. Akajitazama. Nilitaka kusema samahani na nikaona neno lenyewe limekuwa dogo, halienei. Nilitaka, Mungu anisamehe, kutoa kichekesho. Nilikuwa nacho tayari mdomoni. Nikakimeza, na mie ndiye niliyeanza kulia, kwa kelele, nimekaa juu ya ndoo, Marehemu Pilau mzima. Nilimlilia mdogo wangu na sikujua kama nina ruhusa.

Mama akanirudishia simu. Alisubiri nipunguze. Aliweka mkono kichwani kwangu, akauondoa, akachukua bakuli lake, akaanza kupepeta makapi kwa vidole akiwa amesimama. Macho yake yalikuwa makavu. Kisha akasema, na ninayaandika kama yalivyotoka:

"Ungeniacha kidogo tu, baba. Nilikuwa nimeshaanza. Haya, kavue hilo shati nililoweke, kesho shule."